Mashine ya polishi kwa Crown nyeusi: rotari au DA?

Mwenye_Crown
Wakuu, habari za kazi. Nina Toyota Crown nyeusi ya 2008. Bodi haina mbonyeo, ila juani gari zima linaonyesha mikwaruzo ya mviringo, na boneti ina madoa meupe ya maji ya kisima. Nataka kununua mashine niifanye kazi nyumbani. Dukani kuna grainda ya kufungwa sponji, rotari ya wati 1,200 na DA (ile ambayo pedi inazunguka huku ikiyumba) ya milimita 15 yenye wati 900. DA ndiyo ghali kuliko zote. Je, hiyo pesa ya ziada ina maana, au rotari inatosha kwa mtu mwangalifu?

Fundi Kliya
Mkuu, grainda iondoe kwenye hesabu. Inazunguka mizunguko karibu 11,000 kwa dakika, wakati polishi ya rotari hufanyika kwenye 1,000 hadi 1,500. Hata grainda yenye swichi ya spidi, nyingi hazishuki kufikia hapo. Rangi inaungua kabla hujainua mkono.

Kati ya rotari na DA, chukua DA. Rotari inazungusha pedi kwenye mhimili mmoja, joto linakusanyika sehemu moja. DA inazunguka na wakati huohuo inayumba, kwa hiyo joto linasambaa na alama hazifuati njia moja. Ile michirizi inayotembea kama kivuli ukihamisha taa, mara nyingi ni ya rotari iliyotumiwa vibaya, na kwenye gari jeusi huwezi kuificha.

Kliya ya kiwandani, lile tabaka angavu linalofunika rangi, kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu. Kwa hiyo usitafute mashine inayokata sana, yaani inayokula kliya nyingi, tafuta inayokuruhusu kukata kidogo na kusimama. Mkwaruzo ambao kucha inakwama ukiupitishia, uache. Ukiufuata hadi mwisho utaitoboa kliya.

Angalia pia namba ya rangi kwenye kibati kilicho chini ya boneti. Nyeusi ya Toyota namba 202 ni laini sana, na kwenye magari mengi haina kliya kabisa. Ukiona pedi imegeuka nyeusi, ndiyo rangi yenyewe inayotoka. Si lazima usimame, ila kuwa mwepesi wa mkono.

Pedi na Povu
Naungana na Fundi Kliya kuhusu DA, ila rotari isitukanwe. Rangi ikishapigwa upya na kusuguliwa kwa msasa namba 2000, rotari yenye pedi ya sufi inamaliza alama za msasa haraka kuliko DA. Hiyo ni kazi ya gereji, si ya gari lako.

Hiyo milimita 15 ni upana wa kuyumba kwa pedi. Kuna 8, inayofaa pedi ndogo na kona za bampa, na 21, nzuri kwa boneti pana lakini kwenye mikunjo ya mlango pedi inagoma kuzunguka. 15 inafanya karibu kila kitu. Bamba la kushikia pedi liwe milimita 125, pedi iwe 140 hadi 150, ili ukingo wa bamba usiguse rangi.

Usimalize bajeti kwenye mashine. Nunua pedi angalau sita: nne za kumalizia, mbili za kukata. Pedi ikishalowa kompaundi (dawa ya kusugulia) na unga wa rangi haikati tena, inapasha joto tu, na gundi ya nyuma inaanza kuachia.

Jambo lingine ni umeme. Mashine nyingi za mtumba kutoka Japani ni za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 utaiua. Soma kibandiko kabla hujalipa.

Mwenye_Crown
Nashukuru sana wakuu, nachukua DA. Nianzie wapi? Na madoa ya kisima yatatoka kwa polishi?

Fundi Kliya
Madoa kwanza. Siki nyeupe na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa, laza juu ya doa kivulini kwa dakika moja, suuza kwa maji mengi. Chumvi iliyokaa juu itatoka. Pakibaki duara lenye shimo, chumvi imeshakula rangi, na hapo ndipo polishi inahusika, tena si mara zote.

Kisha osha gari, pitisha udongo wa kusafishia rangi, bandika mkanda wa karatasi kwenye raba na kingo. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti, si ukingoni, maana kingo zina rangi nyembamba. Anza na pedi laini na polishi ya kumalizia. Matone manne, sambaza spidi 1, panda hadi 4, tembeza polepole, sentimita 3 hivi kwa sekunde, kila mstari ukikanyaga nusu ya uliopita. Pita mara nne. Futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70 iliyopunguzwa, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, kwa sababu mafuta ya polishi huficha mikwaruzo na itarudi baada ya kuosha. Tazama kwa tochi. Mikwaruzo ikiwa bado ipo, ndipo upande kwenye pedi ya kukata.

Pedi na Povu
Nyongeza: chora mstari kwa kalamu ya maka ubavuni mwa bamba. Ukiuona umesimama, pedi haizunguki, inatetemeka tu. Umebonyeza mno au umeinamisha mashine. Punguza mkono, laza pedi bapa. Na ukitumia juani kompaundi inakauka na kuwa vumbi linalokwaruza upya, kwa hiyo fanya asubuhi, bati likiwa baridi kiganjani.