Siku tano Pittsburgh kwa dola 60 kwa siku: nilale wapi, nipande nini, nile nini?

Mtembezi_Umoja2

Wadau, habari zenu. Katikati ya Oktoba nina kongamano la siku mbili Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kwenye chuo kilichoko mtaa wa Oakland. Waandaaji wanalipa ndege pamoja na siku hizo mbili tu. Nataka kuongeza siku tano kwa pesa yangu, niuone mji jinsi wenyeji wanavyouishi, sio kuzungushwa na basi la watalii. Malazi kando, nina dola 60 kwa siku. Gari sitakodi.

Nimepata hoteli karibu na uwanja wa ndege, kila usiku ni dola 35 chini ya zile za mjini. Niichukue? Na kuna kitu kama matatu, ama bila gari nimekwisha? Naomba hesabu kamili, sio "utajionea ukifika".

Steji_ya_Mwisho

Hiyo hoteli iache. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 30 magharibi ya mji, na hoteli za upande ule zimezungukwa na barabara kuu na maegesho ya magari. Unaweza kuliona duka kwa macho na usipate pa kupita kwa miguu. Sasa hesabu: dola 35 mara usiku tano, umeokoa 175. Teksi ya programu hadi mjini ni nadra kupata chini ya dola 30. Kwenda na kurudi siku tano ni 300. Hapo hujaongeza siku uliyosahau kitu chumbani.

Jambo lingine, bei unayoiona mtandaoni mara nyingi haina kodi. Chumba Pittsburgh hutozwa angalau asilimia 14, kwa hiyo kilichoandikwa dola 110 utakilipia angalau 125.40. Linganisha bei za mwisho, sio zile za tangazo.

Tafuta Oakland kwenyewe, au Squirrel Hill, Shadyside, Bloomfield. Mitaa hii iko upande wa mashariki, na mabasi ya namba 61 na 71 (kila moja ina herufi zake: 61A, 61B na kuendelea) hupita huko kuelekea katikati ya jiji. Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili: weka anwani ya nyumba kwenye ramani ya simu, chagua basi, halafu badilisha muda uwe Jumapili saa tatu usiku. Ikikuonyesha kusubiri zaidi ya nusu saa, tafuta kwingine. Jumatatu mchana kila mahali panaonekana pana basi.

Matatu hakuna. Kuna mabasi ya shirika la umma, PRT, na nauli imekuwa dola 2.75 uende karibu ama mbali. Mvua ikinyesha haipandi, na hilo pekee litakushangaza wiki nzima. Makanga pia hakuna, kwa hiyo kazi yake unaifanya mwenyewe. Simama kwenye kibao chenye namba ya basi lako, si mita hamsini mbele yake. Basi likikaribia sogea ukingoni dereva akuone, maana kibao kimoja kinaweza kuwa na njia tano na asipoona anayetaka hupita. Panda mlango wa mbele, lipa, sogea nyuma. Kushuka unavuta kamba iliyo kando ya dirisha mara tu mnapokipita kituo kinachotangulia chako. "Shukisha hapo kwa lami" haisaidii. Ukichelewa kuvuta utashukia kituo kinachofuata, na kwa Pittsburgh huenda kikawa juu ya mlima mwingine.

Kosa la wageni ni upande. Inbound ni kuelekea katikati ya jiji, Outbound ni kutoka. Namba ni ileile pande zote mbili za barabara, soma neno hilo kwanza.

Kutoka uwanja wa ndege panda 28X. Inapitia katikati ya jiji na kuendelea moja kwa moja hadi Oakland, kwa dola hizohizo 2.75. Uwe na noti mbili za dola moja na sarafu tatu za senti 25, kwa sababu mashine haitoi chenji. Ukiingiza noti ya tano, umeliachia shirika zawadi. Ukilipa taslimu pia huna haki ya kubadilisha basi bure. Kwa hiyo safari ya kwanza lipa taslimu, halafu nunua kadi inayoitwa ConnectCard kwenye supamaketi za Giant Eagle. Ukiwa na pesa kwenye kadi, mguso wa kwanza unakukata 2.75 na kwa muda wa saa tatu zinazofuata unapanda chochote bila kulipa tena. Pasi ya siku saba ni dola 25. Chukua hiyo, umalize habari.

Kilima_na_Bonde

Nakubaliana na Steji kuhusu hoteli, ila pasi isinunuliwe kiholela. Zile saa tatu hazijali unaelekea wapi: ukienda dukani na kurudi ndani ya muda huo, umelipa nauli moja. Kwa hiyo siku ya kawaida ni nauli mbili, 5.50. Siku tano ni 27.50, ongeza 28X ya kurudi, jumla 30.25. Pasi inashinda, lakini si kwa mbali, na siku zake saba huanza kuhesabiwa ukiigusisha mara ya kwanza. Mtembezi, siku za kongamano utakuwa unatembea kwa miguu ndani ya Oakland. Usiiguse. Ianzishe asubuhi ya siku ya tatu, itakufikisha hadi uwanja wa ndege siku ya kuondoka.

Kuna treni ndogo pia, wenyeji wanaiita T. Katikati ya jiji ni bure kabisa, na ubure huo unavuka chini ya mto Allegheny hadi vituo vya North Side na Allegheny. Watu hutoa dola 10 za teksi kwa umbali huo kwa kutojua tu.

Sasa, jambo ambalo ramani haitakuambia. Mji ni mdogo, sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao 303,000, yaani Nakuru inaupita. Ukiangalia kwenye simu unaona kila kitu kiko karibu. Lakini umejengwa juu ya vilima na mabonde ya mito mitatu, na mitaa miwili inayogusana kwenye ramani inaweza kutenganishwa na mwamba. Pale barabara iliposhindwa, jiji lilijenga ngazi, mamia ya ngazi za umma, na nyingine zimepewa majina kama mitaa halali. Mtaa wa Canton Avenue, huko Beechview, una mwinamo wa asilimia 37. Kwa hiyo usipime kwa kilomita, pima kwa dakika za kutembea ambazo programu inakupa, kisha uongeze robo.

Mandhari bora ya mji yako juu ya Mount Washington, na hapo hulipi kampuni ya watalii. Panda Monongahela Incline, kijigari kinachovutwa kwa kebo mlimani tangu 1870. Ni sehemu ya usafiri wa umma, ConnectCard inafanya kazi. Kutoka katikati ya jiji vuka kwa miguu daraja la Smithfield Street (la 1883, lina njia ya waenda kwa miguu), kituo cha chini kiko ng'ambo tu. Ukifika juu fuata Grandview Avenue upande wa magharibi, kama kilomita moja na nusu, hadi Duquesne Incline ya 1877, halafu geuka. Usishukie huko ukiwa peke yako mara ya kwanza: kituo chake cha chini kiko kando ya barabara yenye magari ya kasi, na kurudi mjini kwa miguu si raha. Panda kama saa kumi na moja na nusu jioni. Katikati ya Oktoba jua linazama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, utaona mji mchana na taa zikiwaka kwa nauli ileile.

Vya bure vingine: Point State Park, ncha ambapo Allegheny na Monongahela hukutana na kuwa mto Ohio. Cathedral of Learning, jengo la chuo la ghorofa 42, liko palepale Oakland. Ukumbi wa chini unaingia tu, wanafunzi wanadurusu humo, nyamaza. Mna pia madarasa yaliyopambwa kwa mitindo ya mataifa mbalimbali, likiwemo la Urithi wa Afrika lililofunguliwa 1989, lakini baadhi hufungwa vipindi vikiendelea, na kiingilio uliza kaunta. Makumbusho ya Carnegie ya Sanaa na ya Elimu ya Viumbe yako pamoja, tiketi moja inaingia yote mawili. Inazidi dola 20, basi itengee siku nzima, na isiwe Jumanne, hufungwa. Maktaba ya umma iliyoungana nayo ni bure: intaneti, viti na choo. Choo cha bure barabarani ni cha kutafuta kwa tochi, hivyo kila ukipita maktaba, ingia.

Mama_Kibanda

Wamesahau tumbo. Dola 60 zitaisha kwa chakula kuliko kwa nauli, hasa usipoelewa menyu.

Bei iliyoandikwa si bei ya kulipa. Kaunti ile ina kodi ya mauzo ya asilimia 7, na mkahawa wa kukaa mezani unatarajia bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Si hiari kama kwetu: sheria ya Pennsylvania inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.83 kwa saa kwa kuwa bakshishi itajaliza. Sahani ya dola 18: kodi 1.26, bakshishi 3.60, unatoka na 22.86. Ukinunua kaunta na kubeba, utageuziwa skrini ikuulize bakshishi vilevile. Hapo unaweza kubonyeza sifuri bila aibu.

Chakula kibichi cha supamaketi kwa kawaida hakina hiyo kodi. Chumba chenye jiko kidogo ndicho kitakachookoa bajeti yako, mwanangu, hata kikizidi vingine kwa dola 10 kila usiku. Aldi ndilo duka la bei ya chini. Toroli zake zimefungwa kwa mnyororo, unaingiza sarafu ya senti 25, ukirudisha toroli unarudishiwa. Beba kiondo chako: Pittsburgh ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya madukani Oktoba 2023, na ya karatasi unauziwa angalau senti 10. Sisi hilo tulilizoea tangu 2017.

Sukuma wiki ipo, inaitwa collard greens, majani makubwa magumu kidogo, hivyo katakata nyembamba na uipe dakika zaidi motoni. Kwa ugali tafuta paketi iliyoandikwa white cornmeal. Usidanganywe na unga wa Maseca kwa kuwa nayo ni ya mahindi meupe. Mahindi yake yamechemshwa kwa maji ya chokaa kwa ajili ya chapati za Mexico, na ugali wake unanuka tofauti na kunata kama gundi.

Kwa ladha ya mji nenda Strip District Jumamosi asubuhi. Ni mtaa wa maduka ya jumla uliogeuka soko, Penn Avenue, fikiria Marikiti iliyopigwa ufagio. Kutoka Oakland basi 54 hupita huko bila kukuzungusha katikati ya jiji. Primanti Bros., ya tangu 1933, wanauza mkate wenye nyama, chipsi na saladi ya kabeji, vyote ndani kwa ndani. Mmoja unawatosha wawili, ama unakuwa chakula cha mchana na cha jioni. Mezani omba tap water, yaani maji ya bomba. Ukisema "maji" tu unaweza kuletewa chupa ya kulipia.

Fundi_Simu_Luthuli

Kabla hujatoka Nairobi:

Bonyeza *#06#, chukua IMEI (namba ya utambulisho wa simu yako), iweke kwenye ukurasa wa ukaguzi wa mtandao wa Marekani unaotaka kutumia. Mitandao mikubwa huko ilizima 3G mwaka 2022, kwa hiyo simu isiyokubali kupiga kupitia 4G itapata intaneti na ikashindwa kupiga. Simu nyingi za bei nafuu za huku hazina masafa yao, hasa bendi 12 na 71. Pakua ramani ya mji mapema, ya kutumia bila mtandao.

Soketi zao ni za pini bapa, volti 120. Chaja iliyoandikwa 100-240V inahitaji adapta tu. Pasi ya nguo na kikausha nywele vya 240V acha nyumbani. Vitawaka na visipate moto.

Kadi ndiyo mtego mkubwa. Ile ya M-Pesa GlobalPay ni namba tu za kulipia mtandaoni, kaunta ya hoteli inataka kadi ya kushikika. Hoteli pia hushikilia pesa za dhamana ukiingia, na ukitumia kadi ya debiti hizo pesa zinafungwa kwenye akaunti yako, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kuondoka. Piga simu uulize kiasi, kisha usikihesabu ndani ya zile dola 60. Mwambie mtu wa benki unasafiri, na afungue matumizi ya nje.

Mtembezi_Umoja2

Asanteni sana. Hoteli ya uwanja wa ndege nimeifuta, natafuta Squirrel Hill yenye jiko. Swali la mwisho: baridi ya Oktoba ni ya koti gani?

Kilima_na_Bonde

Mchana nyuzi 17 hivi, usiku 6. Chukua baridi ya Limuru ya Julai, ongeza upepo wa mtoni. Sweta, koti lisilopitisha maji, na viatu vyenye soli ya kushika: zile ngazi zikilowa majani ya vuli zinateleza kama sabuni. Utabiri wao wa hewa uko kwa Fahrenheit, badilisha kwenye simu usije ukasoma 45 ukavaa fulana.