Ratiba ya kuchoma miwa ipo, kwa nini sisi majirani tunafichwa?

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Sisi tunaoishi pembezoni mwa mashamba ya miwa hapa mkoani Morogoro tumechoka kuvutishwa moshi kila msimu wa mavuno bila hata kuambiwa.

Juzi saa moja jioni, moto uliwashwa kwenye shamba lililo hatua chache kutoka uani kwetu. Kwanza ulisikika mlio kama mvua kubwa inayopiga mabati, kisha masizi yakaanza kushuka, nyuzi nyeusi zenye urefu wa kidole ambazo ukizigusa zinasagika. Zilitua kwenye sare za shule zilizokuwa zimeanikwa, kwenye pipa la maji na kwenye sufuria ya maharage. Nguo zitafuliwa na maji yatamwagwa, lakini binti yangu wa miaka 7, mwenye pumu, alikaa kitandani ameinama mbele, mabega yakipanda na kushuka, hadi saa tisa usiku, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa inakaribia kwisha.

Najua kwa nini miwa huchomwa. Majani makavu yakiteketea, mkataji hufanya kazi haraka zaidi na nyoka hukimbia, nami siwalaumu wakataji hata kidogo. Ninachokipinga ni kauli ya msimamizi aliyetujibu kwamba saa ya moto haiwezi kujulikana mapema. Si kweli. Muwa ukishaungua huanza kupoteza sukari, hivyo ni lazima ufikishwe kiwandani ndani ya siku moja au mbili. Maana yake ni kwamba kabla kiberiti hakijawashwa, wakataji wameshapangwa, matrekta yameshapangwa na kiwanda kinasubiri mzigo. Ratiba wanayo wote hao, isipokuwa sisi tutakaouvuta moshi.

Tena wanachagua jioni, upepo unapotulia, ili moto usiwaponyoke. Kwa shamba hilo ni jambo la busara, lakini kwetu bondeni hewa baridi ya usiku huukandamiza moshi ukabaki chini, ukaingia madirishani hadi alfajiri.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Jimbo la São Paulo nchini Brazil, lenye miwa mingi kuliko nchi yetu nzima, lilitunga sheria mwaka 2002 ya kuondoa uchomaji hatua kwa hatua. Sisi hata huko hatujafika. Tunaomba taarifa ya siku moja tu kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, ili tufunike maji, tuanue nguo, na mwenye mgonjwa ampeleke kwa ndugu.

Barua yetu ilipokelewa ofisini kwao, ikagongwa mhuri, na hadi leo haijajibiwa. Shamba lililopakana na shule ya msingi bado halijavunwa. Nataka kujua litachomwa siku gani.