Wanaimba herufi zote, neno hawasomi

Mwalimu_Langoni: Walimu wenzangu wa Lamu, gredi ya 1 wanaimba herufi bila kukosea, ila ukiandika "meza" wanakodoa macho tu. Utafiti unasemaje?

Shela_Ubaoni: Wanajua majina, hawajui sauti. "Em" na "e" haviwezi kutoa "me". Jopo la wataalamu Marekani lilipitia tafiti nyingi mwaka 2000 likakuta kufundisha sauti kwa mpangilio kunasaidia kusoma. Anza na irabu 5, kisha m, t, k, l, n, kila konsonanti na silabi zake: ma, me, mi, mo, mu. Kabla ya ubao, dakika 5 za masikio: toa "ki" kwenye "kisima", imebaki nini? Sima. Silabi zikishika, unga maneno papo hapo: mama, kata, meli. Mb, nd na ng' zingoje.

Bi_Mkomani: Nyongeza, mwalimu. Wa chuoni, yaani madrasa, tayari wanaunga ba, bi, bu, tumia hilo. Lakini alama za irabu za Kiarabu, fataha, kasra na dhamma, hazina e wala o, ndiyo maana "meli" inakuwa "mili". Hapo kaa siku nyingi. Na kidole kianzie kushoto, si kulia kama Kiarabu, la sivyo "ma" itasomwa "am".

Mwalimu_Langoni: Shukrani. Na anayesoma "kitwa" palipoandikwa "kichwa"?

Bi_Mkomani: Huyo maana ameipata, kwa Kiamu chake, lahaja ya hapa Lamu. Usimkaripie, mwonyeshe ch, arudie.