UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, huja kila mwaka, kwa nini shule inaiita dharura na kumkata mtoto ambaye mzazi wake hajalipa?

Ndugu wanajamvi,

Nimejizuia siku tatu nisiandike, maana hasira niliyokuwa nayo Ijumaa ingenifanya niseme yasiyofaa. Binti yangu anasoma darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali. Alishika nafasi ya pili katika mbio za mita 800 ngazi ya kata, akachaguliwa kuingia kambini na timu itakayokwenda kwenye mashindano ya UMITASHUMTA ngazi ya wilaya. Ijumaa hiyo orodha ya majina ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Jina lake lilikuwa la nne, limepigwa mstari kwa peni nyekundu, na pembeni yake pameandikwa neno moja: HAJALIPA. Wenzake walilisoma kabla mimi sijajua lolote. Alirudi nyumbani ameshika raba zake mkononi, akazisukumia uvunguni mwa kitanda, na usiku ule hakula.

Deni lenyewe ni shilingi 15,000, ambazo tuliambiwa ni za nauli, chakula cha kambini na fulana. Nilikuwa nimemwomba mwalimu wa michezo anivumilie hadi mwisho wa mwezi, naye akanikubalia kwa uungwana. Mwalimu huyo sina ugomvi naye hata kidogo, kwani ndiye anayewanunulia watoto glukosi kwa fedha yake mwenyewe wakati wa mazoezi. Ninaowalalamikia ni uongozi wa shule na kamati ya shule, kwa sababu hao ndio wenye dhamana ya kupanga na kusimamia matumizi.

Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima vilifutwa katika shule za msingi za umma, na badala yake Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Januari 2018 Rais Magufuli alilazimika kulisemea jambo hili tena hadharani, akapiga marufuku michango baada ya kusikia kwamba watoto wanarudishwa nyumbani. Nauliza basi, mchango ambao asiyeutoa mtoto wake anafutwa kwenye timu kwa peni nyekundu, mbele ya shule nzima, una hiari gani ndani yake?

Ruzuku hiyo hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu, zikafika shuleni 6,000. Shule yetu ina wanafunzi 814. Kwa hesabu hiyo inapaswa kupokea shilingi 4,884,000 kwa mwaka, yaani 407,000 kwa mwezi. Najua vizuri kwamba si fedha nyingi. Kiwango hicho cha 10,000 tulikuwa nacho tangu enzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na kila mwenye kununua chaki, karatasi za mitihani au bati moja la kuziba paa la darasa anajua bei zimekwenda wapi tangu wakati huo. Mwalimu mkuu akituambia fedha haitoshi, nitamwamini. Nisichokubali ni kuambiwa haitoshi na mtu asiyetaka kunionyesha ilivyotumika.

Kwenye mkutano wa wazazi wa mwezi uliopita nilisimama nikaomba tusomewe mapato na matumizi ya ruzuku kabla ya kujadili mchango wowote. Mwenyekiti wa kamati akanijibu, "Mzazi, jambo hilo halimo kwenye ajenda, tukae tumalize." Dakika chache baadaye tukatangaziwa kiwango cha mchango ambacho tayari kilikuwa kimechapwa kwenye karatasi, pamoja na namba ya simu ya kupelekea fedha. Haikuwa akaunti ya shule, bali namba ya mtu binafsi, na hakuna aliyeahidiwa risiti. Simsingizii mtu wizi. Nasema tu kwamba fedha ya umma na ya wazazi haikusanywi hivyo. Ubao wa matangazo, ambao ndio mahali pa kubandika taarifa za fedha, una ratiba ya mitihani ya mwaka juzi iliyofifia kwa jua, na kufuli yake imeshika kutu.

Linaloniudhi kuliko yote ni neno "dharura" lililotumika kutuomba fedha. Mashindano haya huanzia shuleni, yakapanda kata, wilaya na mkoa hadi taifa, na kwa kawaida fainali zake hufanyika katikati ya mwaka. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo shule ina miezi mingi ya kujua kwamba watoto watahitaji nauli na chakula. Mipango ya shule huandaliwa mapema ili iingie kwenye bajeti ya halmashauri kabla Bunge halijaketi Aprili. Jambo linalojulikana tangu mwaka uliotangulia haliwezi kuwa dharura; halikupangwa tu, au lilipangwa na fungu lake likaenda kwingine.

Jumatatu nimepeleka barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa Afisa Elimu Kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nimeomba mambo matatu: jina la binti yangu na ya wenzake wawili waliokatwa pamoja naye yarudishwe kabla kambi haijafungwa, taarifa ya ruzuku ya mwaka huu ibandikwe ubaoni, na michezo iwekewe fungu lake katika mpango wa mwaka ujao, mbele ya wazazi. Wajumbe wa kamati za shule mlioko humu, hasa kutoka halmashauri za vijijini, naomba mnieleze nauli ya timu zenu mnaitoa kwenye fungu gani. Nakala yangu ya barua ina muhuri wa mapokezi wa ofisi zote tatu, na jibu lolote litakalokuja nitaliweka kwenye uzi huu.