Nitajuaje kama beji ya filamu ya panki ni ya zamani kweli?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi London, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya beji za pini za filamu za panki, yaani zenye mtindo wa ule muziki wa roki wa uasi uitwao punk kwa Kiingereza. Wiki iliyopita nilinunua sokoni beji ya Repo Man, filamu ya Alex Cox ya mwaka 1984, yenye maandishi matupu kwenye usuli mweupe kwa mfano wa yale makopo yasiyo na chapa yanayoonekana ndani yake. Muuzaji alisisitiza kwamba ni ya mwaka huohuo, nami nikalipa bei ya kitu cha kale, lakini uso wake unang'aa mno hata nimeingiwa na shaka. Nitaichunguzaje bila kuifungua? Aidha, nyuma kuna doa la kutu, nilisafisheje?

Jibu la kwanza
Ndugu, anza na ukingo. Watengenezaji wengi huchapa jina lao kwa herufi ndogo sana pale karatasi inapokunjwa kuelekea nyuma, na ukikuta hapo anwani ya tovuti, shauri limekwisha, kwa kuwa mwaka 1984 hapakuwa na tovuti duniani. Kisha chukua lenzi: uchapaji wa ofseti, yaani wa mashine kubwa za kiwandani, huacha vitone vilivyojipanga safu kwa safu, ilhali printa ya nyumbani hunyunyiza wino bila mpangilio. Pini usiitegemee hata kidogo. Tangu kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, Marekani, ilipopata hataza mwaka 1896, beji imebaki kuwa bati, karatasi yenye picha na utando angavu juu yake; utando wa seluloidi, plastiki ya awali, ndio ulioachwa, ikaja plastiki ya kisasa.

Jibu la pili
Kuhusu kutu, nakusihi usitie maji. Yakipenya chini ya utando, karatasi huyanyonya na kubaki na madoa ya kahawia yasiyotoka tena. Mimi nimepoteza beji mbili nilizozipenda kwa njia hiyo. Pangusa kwa kitambaa kikavu, uihifadhi pasipo jua, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu.

Jibu la tatu
Naomba tusiidharau beji iliyotengenezwa na shabiki. Panki ilikua kwa kazi za mikono ya mashabiki wenyewe, na hapohapo London, kampuni ya beji ya Better Badges ilianza mwaka 1976 kwa kuwauzia beji wapenzi wa muziki huo. Kosa ni kuipachika beji mwaka usio wake ili bei ipande.

Mwuliza swali
Nawashukuru sana. Nimeigeuza chini ya taa, na ukingoni kuna anwani ya tovuti. Jumamosi nitarudi kwa muuzaji kudai tofauti ya bei, lakini beji yenyewe nitabaki nayo, kwa sababu aliyeichora aliielewa filamu ile.