Derby ya mbwa ya 1931: Mick the Miller alidhulumiwa au la?

Mpenda Mbio: Wakuu, mbwa Mick the Miller aliporwa ubingwa wake wa tatu wa Derby, mbio kuu za mbwa za Uingereza. Alichukua 1929, akarudia 1930, na 1931 pale uwanja wa White City, London, akawa wa kwanza kuvuka mstari. Waamuzi wakafuta mbio eti mbwa mwingine, Ryland R, kamsumbua mwenzake. Zikarudiwa, na Mick, karibu miaka mitano, miguu imeshachoka, akawa wa nne. Mbwa Seldom Led ndiye aliyeandikwa bingwa. Ile ni dhuluma na orodha ya mabingwa irekebishwe.

Mama Salma: Mbwa akifanya fujo, mbio hufutwa. Mbona umeiruka fainali ya 1929? Nayo ilifutwa, mbwa waligongana kona ya kwanza huku mmoja wao, Palatinus, ameshachomoka mbele. Ziliporudiwa ndipo Mick akapata ubingwa wake wa kwanza. Ukimtetea Mick wa 1931, mrudishie Palatinus chake.

Mpenda Mbio: Dada, 1929 ilikuwa ajali. 1931 kosa la mbwa mwingine limemwangukia asiyehusika. Huwezi kuyaweka kapu moja.

Kijana wa Ukweli: Huyo Mick si alifugwa na padri? Padri na mbwa wa kamari, mtategemea baraka gani?

Muumini: Koma hapo hapo! Padri Martin Brophy alimlea Mick kijijini Killeigh, Ireland. Alizaliwa 1926, dhaifu kuliko ndugu zake, tena distempa, ugonjwa hatari wa mbwa, ikamfikisha mlangoni mwa kifo. Ireland mbwa wa mbio ni wa kila kijiji, tangu kabla ya kiwanja chochote. Unamtukana mtu aliyeokoa mnyama?

Kijana wa Ukweli: Sijatukana. Ila alimuuza gini 800, pesa za zamani za Uingereza, uwanjani, muda mfupi baada ya mbwa kumaliza mbio chini ya sekunde 30. Na mnunuzi, Albert Williams, kazi yake ilikuwa kuchezesha kamari. Huko ni kuokoa?

Muumini: Kwa hiyo mkulima akiuza ng'ombe kwa mlevi, mkulima naye mlevi? Aliuza mali yake halali. Jibu hilo kwanza.

Mama Salma: Padri hakukimbia fainali. Tulikuwa kwenye kanuni.

Msafiri wa Cardiff: Ndugu zangu, mnagombania mbwa aliyekufa 1939 wakati serikali ya Wales imeshatangaza 2025 kwamba itapiga marufuku mbio hizi. Mbwa wanavunjika miguu kwenye kona zile zile mnazozisifia. Huo ndio mjadala.

Mpenda Mbio: Mbio za kiwanjani zilikuja kuondoa ukatili. Uwanja wa Belle Vue, Manchester, Julai 1926, walileta sungura bandia wa umeme wa kukimbizwa na mbwa, aliyebuniwa na Owen Smith wa Marekani, ili sungura hai asiraruliwe. Mwaka mmoja baadaye Derby ya kwanza, mbwa Entry Badge akashinda. Watu wa kawaida walitoka kazini jioni wakaangalia mchezo bila damu.

Msafiri wa Cardiff: Bila damu ya sungura. Ya mbwa je? Mimi ninaishi na mmoja aliyestaafishwa, mguu wa nyuma umeungwa kwa vyuma. Njoo umwambie yeye.

Muumini: Pole kwa mbwa wako. Lakini Kijana wa Ukweli bado hajanijibu kuhusu ng'ombe.