Mtoto wa miezi 22 haitiki jina na maneno yamepotea, nisubiri?

MamaZai: Habarini wakuu, naombeni ushauri. Mwanangu wa kiume alikuwa anasema "mama" na "maji", sasa hivi kimya. Ukimwita hageuki hata upaze sauti, ila tangazo la TV likianza chumba cha pili anakuja mbio. Akitaka kitu haonyeshi kidole, ananikamata mkono ananivuta mpaka kwenye friji. Gari lake analipindua anazungusha tairi tu, hata nusu saa. Mama mkwe anasema watoto wa kiume ndo huchelewa, jirani anasema akakatwe ulimi. Moyo wangu haujatulia kabisa.

mzee_wa_temeke: Hiyo chanjo ya surua, wa dada'angu vilevile.

Nesi wa Mtaa: Tusipotoshane mkuu. Andiko la daktari Wakefield la 1998 lililoanzisha hayo maneno kwamba chanjo inaleta usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano), jarida la kitabibu la Lancet lililolichapisha wenyewe walilifuta 2010 na jamaa akafutiwa usajili wa udaktari Uingereza. Dalili za usonji zinaanza kuonekana umri uleule wa chanjo ndo maana watu wanaunganisha, na surua inaua.
Mleta mada, maneno aliyokuwa nayo yakipotea hausubiri, nenda kliniki ya watoto. Omba masikio yapimwe kwanza, hata kama TV anaisikia. Ulizia pia dodoso la M-CHAT, maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30, halitoi jibu la mwisho ila linaonyesha nani achunguzwe zaidi. Na hayo ya tairi yarekodi kwenye simu, maana mbele ya daktari mtoto anaweza kutulia tuli. Ulimi usimkate!!

BabaWaWawili: Pole dada. Wa kwangu ana usonji, sio laana wala malezi mabaya, na hakuna dawa ya kuuondoa hivyo wauza maombi na vidonge waepuke. Kinachosaidia ni mazoezi ya mawasiliano na yakianza mapema ndo vizuri, wala usingoje majibu yatoke. Kaa chini naye, akizungusha tairi na wewe zungusha, kikombe kishike karibu na uso wako sema "maji" subiri kidogo halafu mpe. Akifika umri wa shule, kwa Dar shule ya Msimbazi Mseto wana kitengo cha usonji.

MamaZai: Asanteni sana jamani, nimemsomea mume wangu amekubali twende Jumatatu. Video ziwe ndefu?

Nesi wa Mtaa: Dakika moja moja zinatosha, ila za siku tofauti. Na kadi ya kliniki beba.